Wamama wa Majengo na Kinga Yenye Haina Kelele

Ukipita stage yoyote ya mat huku Eastlands hukosi msee ameshika chupa ya tangawizi, ndimu na saumu, anakushow itaboosti kinga yako. Tangawizi iko fiti, hata mimi hukunywa. Yenye hunikera ni hiyo maneno ya kuboosti, juu imefanya wasee wadhani kinga ni kitu ya kuongeza tu, ikiwa mob ndio uko salama. Si hivyo, na hiyo hatukuijifunza mbali. Tulifunzwa na wamama wa Majengo, hapo Pumwani.

Lakini kwanza tucheki venye mwili hupiga hiyo wera. Ngozi, makamasi na asidi ya tumbo huzuia wadudu wengi hata kabla ujue wamekam. Wakipenya, labda umekatwa na mabati, seli nyeupe za damu hufika mbio. Kuna nyutrofili, zinameza bakteria na kudedi hapo hapo, na kuna makrofaji, zinameza na kusafisha mabaki. Usaha unaouona kwa kidonda, mob ni nyutrofili zilidedi zikikupigania. Kufura, joto, uchungu, hata homa: huo ni mwili uko kazini.

Hiyo mbogi ya kwanza haichagui sana. Ya pili ndiyo imechanuka, seli T na seli B. Kila moja inazaliwa na shepu ya kushika kitu fulani tu, hata kabla hicho kitu kiwahi kuingia mwilini, na ndani yako ziko shepu mamilioni. Yenye imepata adui wake inaanza kujizidisha, ndio maana tezi za shingo hufura ukiwa na tonses. Seli B hutoa kingamwili, protini za kushikilia kijidudu kisiingie ndani ya seli. Seli T wauaji hucheki seli zako mwenyewe, na yenye imeingiliwa na virusi inamalizwa. Seli T wasaidizi, zile CD4, ndizo hupea hao wengine amri. Mara ya kwanza hii yote huchukua kama wiki ama mbili. Ikiisha, chache hubaki na kumbukumbu, na ndio maana ukishapona surua hairudi. Chanjo inakupea hiyo kumbukumbu bila kukulaza hosi.

Kuna kitu wengi huruka hapa. Seli T hukomaa kwa thaimasi, kiungo kidogo nyuma ya mfupa wa kifua, na karibu zote hudedi huko huko kabla zitoke. Zingine hazina kazi, zingine zingerukia mwili wako mwenyewe. Manze, mwili hutumia nguvu mob kujituliza! Breki zikikosa ndio unapata aleji ya njugu, ama lupasi, yenye kinga inachapa hadi figo za mwenyewe. Mtu wa lupasi hajakosa kinga. Iko, tena ya nguvu, lakini inapiga mahali haifai.

Sasa Majengo. Mapema miaka ya 80, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, akiwemo Frank Plummer, walikuwa wakishughulikia magonjwa ya zinaa kati ya wamama wa hapo waliokuwa wakiuza ngono. Kipimo cha HIV kilipofika, 1985, karibu thuluthi mbili ya hao wamama walikuwa nayo. Ilikuwa noma, dawa hazikuwa. Lakini miaka ikisonga ikaonekana kuna wachache wenye hawashikwi. Kazi ni ile ile, hatari ni ile ile, na kila wakipimwa hawana.

Damu yao ilipochekiwa, baadhi walikuwa na seli T wauaji zenye zinajua HIV, ishara kwamba mwili ulikuwa umekutana na hivyo virusi. Wasayansi wa Nairobi na Oxford wakajaribu kuamsha seli kama hizo kwa chanjo, na 2001 timu ya KAVI, mradi wa Kenya wa chanjo ya UKIMWI, chini ya Profesa Job Bwayo, ikaanza kuijaribu hapa Nairobi. Haikuamsha kinga ya kutosha. Kingine kilichouma ni kwamba baadhi ya wale wamama wenye hawakuwa wameshikwa walipunguza kazi ama wakaiacha kwa muda, na baadaye wakapatikana na virusi. Inadhaniwa kumbukumbu ilikuwa imefifia.

Halafu ikakam ile mimi huiona kubwa kuliko zote. Watafiti waligundua CD4 za hao wenye hawakushikwa zimetulia kuliko za wengine. HIV huingia kwa hizo hizo CD4, na huzaana vizuri ndani ya zenye ziko macho, ziko mbio. Ndani ya yenye imetulia, hupata shida kuzaana. Kumaanisha mwili wenye kinga imewaka kila saa ungeipea HIV pa kuingilia mob zaidi.

Hao wamama walipeana damu miaka na miaka, wakiwa kwa kazi yenye mtaa ulikuwa unaitukana, na wengi wa wenzao walidedi kabla ARV zifike. Heshima yao ni kubwa kuliko venye tunaongea.

Idea ya kutuliza bado inafuatwa. 2018, matokeo ya wanawake wa hapa Kenya yalionyesha aspirini kidogo kila siku, kwa wiki kadhaa, inapunguza seli zenye HIV hupenda kuingilia kwa njia ya uzazi, karibu kwa thuluthi. Usikimbilie kemisti. Kupunguza hizo seli si kuzuia maambukizi, na hiyo haijathibitishwa. Kama uko kwa hatari saa hii, itisha PrEP, dawa ya kuzuia HIV kabla ikuingie, yenye ilianza kupeanwa kwa hosi za serikali 2017, bila doh.