Mumiani: Dawa Iliyogeuka Mnyonya Damu

Mtu akitoka Mombasa au Tanga kwenda kufanya kazi Dubai, hana budi kutolewa damu. Kabla ya kupewa ukaazi hupigwa eksirei ya kifua kutafutwa kifua kikuu, na damu yake hupimwa virusi vya Ukimwi. Bibi yake huko nyumbani akisikia, huenda akauliza: hiyo damu wanaipeleka wapi?

Swali hilo lina historia, na historia yenyewe inaanzia karibu na Dubai kuliko Mombasa. Ng'ambo ya Ghuba, kule yanakotoka majahazi ya Kiajemi yanayotia nanga Khor Dubai, liko jimbo la Fars. Katika milima ya Darab kuna lami nyeusi ichuruzikayo kwenye nyufa za miamba. Waajemi wakaiita mumiyai, kutokana na mum, yaani nta, wakaitumia kuungia mifupa. Maiti za kale za Misri nazo, kwa weusi wake, zikapewa jina hilohilo. Wazungu wakazisaga na kuzila kama dawa kwa karne kadhaa.

Pwani yetu jina likawa mumiani. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inakitaja kuwa kitu cheusi mfano wa gundi, cha kupaka au kunywa na samli, kisemwacho kuwa kimetoka Uajemi. Kisha inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu iliyoganda ya watu waliouawa.

Macho yao hayakuwadanganya bure. Damu ikikauka, chuma kilichomo kwenye himoglobini hubadilika kikemia, wekundu ukawa hudhurungi, kisha karibu weusi. Ukiiweka kando ya lami, utababaika. Moto ndio utakaozitenga: lami huyeyuka, damu kavu huungua.

Hivyo jina la dawa likahamia kwa mtu aliyedhaniwa kuichukua damu hiyo: mumiani akawa mnyonya damu. Mnyonya damu wa Ulaya ni maiti. Huko Serbia katika miaka ya 1720 watu walifukua makaburi wakakuta miili imevimba na midomo ina damu. Leo tunajua kwamba gesi za uozo huvimbisha tumbo na kusukuma majimaji mekundu hadi mdomoni. Wa kwetu ni mtu hai, tena mwenye mshahara. Zama za ukoloni alivaa sare, akapanda gari jekundu, akaitwa mzimamoto, kuanzia Nairobi hadi Kampala. Mwanahistoria Luise White, aliyekusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2000, aliyasoma kama maelezo ya watu kuhusu kazi na utawala wa siku zile. Serikali ilidunga sindano, ikapima, ikachukua. Kueleza ilikuwa nadra.

Hofu hiyo haikuzikwa na ukoloni. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi mkoani Dodoma, wafanyakazi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa kwa kudhaniwa wanyonya damu. Walikuwa wakichukua sampuli za udongo. Uvumi ulikwenda mbio kuliko maelezo.

Basi bibi ajibiwe, wala asichekwe. Damu inayochukuliwa ni mililita chache. Huzungushwa kwenye mashine hadi majimaji yake yajitenge na chembe, majimaji hayo hupimwa, na masalia huteketezwa pamoja na taka za hospitali. Akiuliza tena, aelezwe tena.