Mafuta Yaliyomo Damuni mwa Askari

Askari hukaguliwa buti, silaha na shabaha. Mafuta yaliyomo damuni mwake hakuna gwaride liyaonalo, na aghalabu hayaulizwi mpaka kifua kimembana.

Mafuta hayo si adui. Tutembeapo mwendo mrefu na mizigo mgongoni, misuli huyachoma kama tanuri lichomavyo kuni. Shida huanza pale askari ahamishiwapo ofisini, akabaki na ulaji ule ule wa porini. Ini hugeuza ziada ya wanga na pombe kuwa mafuta, likayamwaga damuni. Kitambi nacho huachilia yake mchana na usiku. Misuli isiyo na kazi ikishiba mafuta huikaidi amri ya insulini, sukari hupanda, na ndani ya mishipa ya moyo utando huanza kujijenga kimya kimya.

Lakini mafuta hayana tabia moja. Mwaka 1996 jarida la utabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha uchunguzi uliofanywa Tanzania, upande wa Ludewa. Watafiti waliwalinganisha wanavijiji walao samaki kando ya Ziwa Nyasa na wenzao wa Lugalawa, huko milimani, waishio kwa nafaka na mboga. Walao samaki walikutwa na shinikizo la damu la chini zaidi, kolesteroli kidogo zaidi, na damu yenye wingi wa asidi za mafuta za jamii ya omega-3. Uchunguzi mmoja haumalizi shauri, lakini sisi wa Bujumbura yatupasa kuutegea sikio: nasi tuna ziwa, na ndagala na mukeke wake twawajua tangu utotoni.

Hapo hatuna budi kusema la kikaango. Mawese ya Rumonge ni matamu, wala hatumwombi mtu ayakane. Ila karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile igandayo, ipandishayo kolesteroli mbaya. Ndagala waliozamishwa humo si wale waliochemshwa kwa nyanya na kitunguu.

Kipimo chenyewe ni chepesi: sindano moja mkononi, mara nyingi asubuhi kabla ya kula. Tumewaona mashujaa wasiotishwa na risasi wakiikwepa sindano hiyo. Aliyetimiza miaka 40, mwenye kitambi, au ambaye baba yake alifariki kwa maradhi ya moyo, akiombe kwa tabibu wa kikosi bila kungoja kuitwa.