Julian Bond: Mwakilishi aliyekataliwa na wenzake, akarudishwa na wapiga kura

Na Mwandishi Wetu

JE, wajumbe wa chombo cha kutunga sheria wana mamlaka ya kumzuia mwenzao aliyechaguliwa kihalali asikalie kiti chake, eti kwa sababu hawakupendezwa na maneno aliyoyasema?

Swali hilo lilizuka katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, Januari 1966. Jibu lilitolewa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo miezi 11 baadaye.

Aliyekuwa kiini cha mgogoro huo ni Julian Bond, kijana mweusi wa miaka 25 wakati huo. Baadaye alilitumikia bunge hilo hilo lililomfukuza mlangoni kwa miaka 20, hadi mwaka 1987. Alifariki dunia Agosti 15, 2015, akiwa na umri wa miaka 75.

Nchini Marekani kila jimbo lina katiba yake, gavana wake na bunge lake. Bunge la Georgia, lenye makao yake mjini Atlanta, lina vyumba viwili: Baraza la Wawakilishi, ambalo kwa sasa lina wajumbe 180, na Seneti yenye wajumbe 56.

Wajumbe hao huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Hukutana kwa siku 40 za vikao kwa mwaka, kuanzia Jumatatu ya pili ya Januari, na wengi wao huwa na kazi nyingine za kujipatia riziki.

Pamoja na uchache wa siku hizo, uzito wa kazi yao ni mkubwa. Ndio wanaopitisha bajeti ya shule na barabara za jimbo, ndio wanaotunga sheria za jinai, na ndio wanaochora mipaka ya maeneo ya uchaguzi, yakiwamo yale ya kuwachagua wabunge wanaokwenda Washington.

Kwa Wamarekani weusi, milango ya bunge hilo ilikuwa imefungwa kwa muda mrefu. Mwaka 1868, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, wajumbe weusi zaidi ya 20 walichaguliwa, lakini wenzao weupe wakawafukuza kwa hoja kwamba haki ya kupiga kura haikuwapa watu weusi haki ya kushika madaraka.

Walirudishwa mwaka 1870 kwa shinikizo la serikali ya Washington, lakini mjumbe mweusi wa mwisho wa zama hizo aliondoka mwaka 1907. Tangu hapo hakuonekana mwingine hadi mwaka 1962, Leroy Johnson alipochaguliwa kuingia Seneti.

MTOTO WA MSOMI

Bond alizaliwa Januari 14, 1940, mjini Nashville, Tennessee. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi aliyekuja kuwa rais wa kwanza mweusi wa Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo walichosoma Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria.

Mwaka 1957 Bond alijiunga na Chuo cha Morehouse, Atlanta, ambako alikuwa miongoni mwa wanafunzi wachache waliofundishwa falsafa na Martin Luther King. Mwaka 1960 alishiriki kuanzisha kamati ya wanafunzi iliyojulikana kwa kifupi kama SNCC, iliyopinga ubaguzi wa rangi kwa njia za amani.

Mwaka uliofuata aliacha masomo na kuwa msemaji wa kamati hiyo, kazi iliyomfunza nguvu ya maneno. Shahada yake aliimalizia mwaka 1971, akiwa tayari mwakilishi.

Fursa ya kugombea ilitokana na uamuzi wa mahakama. Kwa miaka mingi wilaya za mashambani zenye watu wachache zilikuwa na sauti kubwa bungeni kuliko Atlanta yenye maelfu kwa maelfu ya wakazi. Katika miaka ya 1960 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura ya kila raia iwe na uzito sawa. Mipaka ikachorwa upya, na Juni 1965 ukafanyika uchaguzi maalumu.

Bond alipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, akiwauliza wakazi shida zao na kuzungumzia kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa. Alipata kura 2,320 dhidi ya 487 za mpinzani wake, sawa na asilimia 82.

MDOMO ULIPOPONZA KICHWA

Januari 3, 1966, mwanafunzi mmoja mweusi aliyekuwa akifanya kazi na SNCC, Sammy Younge, aliuawa kwa risasi huko Tuskegee, Alabama, baada ya kutaka kutumia choo kilichotengwa kwa weupe. Siku tatu baadaye kamati hiyo ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokuwa wakikataa kuandikishwa jeshini.

Mwandishi wa redio alimpigia simu Bond kumuuliza kama anakubaliana na tamko hilo. Alijibu kuwa anakubaliana nalo.

Wajumbe 75 waliwasilisha pingamizi dhidi yake. Walidai kuwa mtu mwenye msimamo huo hawezi kuapa kwa dhati kuilinda Katiba ya Marekani na ile ya Georgia. Bond alijitetea kuwa yuko tayari kula kiapo. Aliongeza kwamba anawastahi wanaochoma kadi zao za jeshi kwa ushujaa wao, lakini hajamshawishi mtu yeyote kufanya hivyo, na kadi yake mwenyewe anayo mfukoni.

Utetezi huo haukusaidia. Januari 10, 1966, Baraza lilipiga kura 184 dhidi ya 12 kumzuia asiapishwe.

Siku nne baadaye King aliongoza maandamano hadi kwenye jengo la bunge. King mwenyewe alikuwa mkazi wa eneo alilochaguliwa Bond, hivyo alijiunga kwenye kesi akiwa mmoja wa walalamikaji.

Mahakama ya chini ililipa Baraza ushindi, majaji wawili dhidi ya mmoja. Wapiga kura nao walikuwa na uamuzi wao: katika uchaguzi mdogo wa Februari 1966 wa kuziba nafasi iliyoachwa wazi, walimrudisha Bond. Akakataliwa tena. Novemba mwaka huo wakamchagua kwa mara ya tatu.

Desemba 5, 1966, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kuwa Georgia ilivunja Katiba. Hukumu hiyo iliandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren.

Jimbo lilikuwa limedai kuwa mtunga sheria anapaswa kubanwa zaidi ya raia wa kawaida katika kauli zake. Mahakama ilisema kinyume chake ndicho sahihi: mwakilishi anahitaji uhuru mpana wa kuzungumzia mambo ya nchi, ili wapiga kura wajue anasimamia nini na waweze kumpima.

Kuhusu kiapo, majaji walisema bunge lina haki ya kukidai, lakini wajumbe walio wengi hawana haki ya kukigeuza kipimo cha kupekua moyo wa mwenzao wasiyekubaliana naye.

Januari 9, 1967, Bond aliapishwa.

MIAKA 20 BUNGENI

Umaarufu wake ulivuka mipaka ya jimbo. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, aliongoza pamoja na wenzake ujumbe wa Georgia uliopinga ule wa Gavana Lester Maddox, mtetezi wa ubaguzi, na ukapewa nusu ya viti. Katika mkutano huo jina lake lilipendekezwa kwa wadhifa wa makamu wa rais. Alilazimika kujitoa, kwani alikuwa na miaka 28 wakati Katiba inataka 35.

Bond alikaa katika Baraza la Wawakilishi hadi mwaka 1975, kisha akahamia Seneti. Vita vyake vikubwa huko vilihusu ramani.

Katika ugawaji wa mipaka ulioanza mwaka 1981, alipigania eneo la tano la uchaguzi, ambalo ni la Atlanta, lichorwe ili wapiga kura weusi waweze kumpeleka Washington mtu wanayemtaka. Bunge lilikataa pendekezo lake, lakini mwaka 1982 mahakama ya shirikisho iliona kuwa ramani iliyopitishwa ilikuwa na nia ya ubaguzi. Ikachorwa nyingine, ambayo takriban asilimia 65 ya wakazi wa eneo hilo walikuwa weusi.

Mwaka 1986 Bond aliamua kukigombea kiti hicho mwenyewe. Mpinzani wake mkubwa alikuwa John Lewis, rafiki yake wa miaka mingi na mwenyekiti wa zamani wa SNCC. Bond aliongoza duru ya kwanza ya mchujo, lakini katika duru ya pili Lewis alishinda kwa takriban asilimia 52 dhidi ya 48, akibebwa zaidi na kura za weupe.

Hivyo eneo alilolipigania Bond lilimpa Lewis kiti alichokishika hadi alipofariki Julai 2020.

Baada ya kuondoka bungeni, Bond alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Virginia na kuwa mwenyekiti wa chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, NAACP, kuanzia 1998 hadi 2010.

SWALI LINALORUDI

Suala la nani mwenye kiti halikuzikwa na hukumu ya 1966. Aprili 6, 2023, Baraza la Wawakilishi la Tennessee, mjini Nashville alikozaliwa Bond, liliwafukuza wajumbe wawili vijana weusi, Justin Jones na Justin Pearson, kwa kuongoza maandamano ndani ya ukumbi kudai sheria kali za bunduki baada ya mauaji katika shule moja ya mji huo.

Kisheria matukio hayo yanatofautiana. Bond alizuiwa asiingie kwa sababu ya kauli aliyoitoa nje ya bunge. Wale wawili walikuwa wameshaapishwa, na walituhumiwa kuvunja kanuni za kikao. Mabunge mengi huruhusiwa kumfukuza mjumbe kwa theluthi mbili ya kura.

Mwisho wake, hata hivyo, ulifanana. Katika muda usiozidi wiki moja mabaraza ya maeneo yao yaliwarudisha kwa muda, na Agosti 2023 wapiga kura wakawachagua upya. Wenzao walikuwa na kura za kuwatoa, lakini hawakuwa na kura za kuamua nani arudi.