Je, Shauri la Watu Mashuhuri Lafaa Nyumbani Kwetu?

  Kiongozi wa darasa, tafadhali hakikisha kila mwanafunzi ana daftari na kalamu.

Leo tutazungumza juu ya kupanga vitu vya nyumbani. Siku hizi watu mashuhuri hutoa mashauri ya kazi hiyo katika vitabu, katika televisheni na hata katika simu zetu. Je, mashauri yao yatufaa sisi watu wa kawaida?

Natutazame mfano mmoja. Yuko bibi wa Kijapani aitwaye Marie Kondo. Mwaka 2010 alitoa kitabu juu ya kupanga nyumba, nacho kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 2019 akaonekana katika televisheni, akiingia katika nyumba za watu huko Marekani na kuwafundisha.

Mafundisho yake ni haya. Usipange chumba kwa chumba, bali panga kwa aina ya vitu: kwanza nguo, kisha vitabu, kisha karatasi, kisha vyombo na vikorokoro, na mwisho vitu vya ukumbusho. Kusanya nguo zako zote mahali pamoja. Shika moja moja, ujiulize: Je, kitu hiki chanifurahisha moyo? Kikikufurahisha, kiweke. Kisipokufurahisha, kishukuru, kisha kitoe.

Shauri hili lina maana yake. Liliwafaa watu wanaonunua upesi kuliko wanavyotumia. Ugonjwa wao ni wingi wa vitu, na dawa yake ni kupunguza. Lakini dawa ya mgonjwa mmoja si dawa ya wote.

Fikirini nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba. Debe tupu halimfurahishi mtu moyo, lakini kesho litachota maji. Gunia kuukuu litatiwa mahindi. Kanga iliyochakaa itakuwa nepi ya mtoto. Mwenye fedha akikosea kutupa, hununua kingine. Asiye na fedha akikosea, hukaa bila. Ndiyo maana wazee walisema: Akiba haiozi.

Katika karatasi hatari ni kubwa zaidi. Bibi Kondo afundisha kutupa karatasi zote, isipokuwa zinazotumika sasa, zitakazohitajiwa kwa muda, na zile za kuwekwa siku zote. Mimi mwenyewe, mwaka 2019, nililifuata shauri hilo kwa haraka. Nikachoma jikoni stakabadhi za ada ya mdogo wangu, maana hazikunifurahisha hata kidogo. Baada ya miezi miwili shule ikadai kwamba muhula mmoja haukulipwa. Sikuwa na ushahidi. Tukalipa mara ya pili, na mama akauza mbuzi. Kosa halikuwa la kitabu. Nilishika neno la furaha, nikaliacha lile la kuhitajiwa kwa muda.

Hapa ndipo kusoma kunapoleta faida. Asiyejua kusoma huweka karatasi zote kwa hofu, au huzifungia maandazi zote. Ajuaye kusoma huchagua. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, hati ya shamba na stakabadhi ziwekwe pamoja katika mfuko wa plastiki, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na panya na mvua.

Basi, badala ya swali moja la furaha, tuulize matatu:

1. Je, kitu hiki chatumika, au kitatumika?
2. Nikikitupa, nitakipata tena kwa bei gani?
3. Je, mahali kilipo kina hatari?

Swali la tatu ni kubwa. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto huyadhania kinywaji. Dawa ya wadudu isikae karibu na unga. Magunia ya nafaka yawekwe juu ya chaga, yasiguse sakafu.

Hata hivyo tusilikatae shauri lote. Kukunja nguo ndogo ndogo na kuzisimamisha katika boksi ni jambo jema, nalo halina gharama. Bibi Kondo mwenyewe asema boksi la viatu latosha. Na mwaka 2023, akiwa mama wa watoto watatu, alikiri kwamba nyumba yake haipangiki tena kama zamani, maana wakati wa kukaa na watoto una thamani zaidi. Basi usione haya ikiwa nyumba yako si kama ile ya televisheni.

Maneno ya kusoma na kuandika: stakabadhi, ushahidi, hatari, akiba.

Maswali ya darasa: Kwa nini tulilipa ada mara mbili? Nyumbani kwako mafuta ya taa hukaa wapi?

Kazi ya juma hili: Kusanya karatasi zote za nyumbani. Soma kila moja, ukimwomba mwenzako msaada panapokuwa pagumu. Andika orodha ya zile za kuweka.

Kwaherini, hadi juma lijalo.