Gari Moja, Mawili au Hakuna: Hesabu ya Usafiri wa Nyumbani

Idadi ya magari ambayo familia inahitaji haitokani na idadi ya watu wazima waliomo, wala na leseni za udereva zilizo mifukoni mwao. Inatokana na safari zinazogongana, yaani safari mbili zinazotaka gari saa ileile, kuelekea pande tofauti, na zisizo na njia nyingine ya kufanyika. Nyumba ya watu wazima watano ambao wote hushuka mjini kwa barabara moja huweza kutosheka na gari moja. Nyumba ya mume na mke wanaoishi Segerea jijini Dar es Salaam, mmoja muuguzi wa zamu katika hospitali ya Mloganzila na mwingine mwalimu Kigamboni, huweza kushindwa nalo kabla wiki haijaisha.

Jijini Dar es Salaam swali hili limetoka kwa matajiri na kuingia katika nyumba za kawaida kwa sababu moja kubwa: magari yaliyotumika Japani. Toyota IST, Vitz, Passo na Noah zimejaa mitaani kwa kuwa bei yake inafikika, vipuri vyake vinapatikana Kariakoo na mafundi wanaozijua wako kila kona. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo anayeanza hulazimika kuwa na fedha zaidi. Tanzania huruhusu magari ya zamani zaidi, ila huyatoza ushuru wa uchakavu. Matokeo yake ni kwamba familia ya Dar es Salaam iliyokwishanunua gari la kwanza huliona la pili liko karibu sana. Kulinunua ni rahisi kuliko kulihesabia.

Kuhesabu kwenyewe kunaanza na daftari, si na mtandao wa wauza magari. Kwa wiki mbili za kawaida, zisizo za likizo wala mfungo, kila safari ya nyumba huandikwa: nani katoka, saa ngapi, kwenda wapi, pamoja na nani, na alibeba nini. Zinaandikwa pia zile zisizohitaji gari, kwa sababu nyingi ya safari ambazo watu hudhani ni za gari kumbe huishia dukani au msikitini, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wiki mbili zikiisha, safari zilizogongana hutiwa alama. Familia nyingi hushangaa kwa uchache wake. Kwa kawaida mgongano mkubwa ni mmoja, nao ni wa alfajiri: watoto wa kupelekwa shule na wazazi wa kuwahi kazini. Baada ya hapo gari hushinda limeegeshwa ofisini hadi jioni, na hilo la pili, kama lipo, hushinda uani.

Mgongano wa alfajiri una dawa zake kabla ya kufikia gari la pili. Basi la shule ndiyo ya kwanza, ingawa ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Katika njia ndefu za Dar es Salaam mtoto anayechukuliwa wa kwanza huwa barabarani saa 11 alfajiri, na usingizi wake una thamani. Mzazi akilinunua gari la pili kwa sababu hiyo hajafanya anasa. Ila ni vema ajue kwamba anachonunua ni saa moja ya usingizi wa mtoto, ailinganishe na bei yake, na aulize pia kama shule iliyo karibu na nyumbani isingemaliza tatizo lote.

Bei hiyo ndiyo watu hukosea kuihesabu. Wengi huhesabu mafuta tu, kwa kuwa ndiyo yanayolipwa kila wiki. Chukua mfano wa gari dogo la shilingi milioni 15. Thamani yake hushuka; tuseme kwa shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Bima kubwa, ikikokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani, ni 525,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake huifikisha 619,500. Milioni 15 hizo zingewekwa mahali zikaleta asilimia 8 kwa mwaka, zingezaa 1,200,000, na faida hiyo isiyopatikana nayo ni gharama. Weka 200,000 kwa mwaka za matairi, 100,000 za betri, 600,000 za matengenezo yasiyotarajiwa na 150,000 za kumwaga oili mara moja. Jumla imefika 4,069,500, na gari bado halijaingia sheli.

Likitembea kilomita 3,000 tu kwa mwaka, kama yanavyofanya magari mengi ya pili, na likala lita moja kwa kila kilomita 10 za foleni, mafuta ya shilingi 3,000 kwa lita yanaongeza 900,000. Mwaka mzima umegharimu 4,969,500, au takriban shilingi 1,650 kwa kila kilomita. Gari hilohilo likitembea kilomita 10,000, hata oili ikimwagwa mara mbili, kila kilomita hushuka hadi shilingi 720 hivi. Gari la pili linakuwa ghali kwa sababu halitembei.

Sasa kilomita 3,000 hizo zigawanywe ziwe safari za kilomita 8. Zinapatikana 375, yaani saba hivi kwa wiki. Zikifanywa zote kwa bajaji au taksi ya kuita kwa simu, kwa shilingi 8,000 kila moja, mwaka unagharimu milioni 3. Nauli ikipanda hadi 10,000, gharama ni 3,750,000. Taksi zitalingana na gari pale tu nauli itakapozidi 13,000. Anayekataa kuhesabu faida ya fedha zilizolala kwenye gari, na wapo wengi wanaokataa, atapata 3,769,500 upande wa gari, ambayo ni karibu sawa na taksi za shilingi 10,000. Hata kwa hesabu hiyo laini, gari lisilopata safari saba kwa wiki halijilipi. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila nyumba iweke zake, hasa bei ya mafuta, ambayo mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Kuna jambo la kikodi ambalo limechangia kujaza nyua za nyumba. Hadi mwaka wa fedha 2017/18 mwenye gari Tanzania Bara alilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka, liwe linatembea au limesimama. Bajeti ya mwaka huo iliifuta ada hiyo na kuihamishia kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 katika ushuru wa kila lita. Kwa haki ya ulipaji ni hatua inayoeleweka, kwani anayeitumia barabara zaidi hulipa zaidi. Lakini pia iliondoa kengele iliyokuwa ikilia mara moja kwa mwaka na kumkumbusha mtu kwamba analo gari asilolitumia. Siku hizi gari linaweza kukaa uani miaka mitatu bila mtu yeyote kulidai chochote.

Gari lenyewe hata hivyo hudai. Betri hufa kwa kukaa bila kuwashwa. Matairi yaliyobeba uzito mahali pamoja hupoteza umbo, diski za breki hupata kutu, na katika maeneo ya upepo wa bahari kama Mbezi Beach au Kigamboni kutu hiyo haisubiri. Panya hupenda nyaya zilizo chini ya boneti. Halafu huja hatua ambayo mafundi wanaijua vizuri: gari linalotembea likiharibika, kifaa hutolewa kwenye lililosimama “kwa muda”. Likishatolewa altaneta na betri, la pili limegeuka stoo ya vipuri, na hakuna mnunuzi atakayelipa bei ya gari kwa stoo ya vipuri.

Hoja ya gari la akiba, kwamba moja likiwa gereji jingine liokoe, huvunjika hapohapo. Familia yenye fedha za kutunza gari moja vizuri, ikinunua mawili, huyatunza yote mawili vibaya. Gari moja lililomwagwa oili kwa wakati na kubadilishwa mikanda kabla haijakatika hulala gereji siku chache kwa mwaka, na siku hizo zinalipika kwa taksi.

Hoja nyingine inayosikika sana ni kwamba gari la pili litajilipa lenyewe: apewe dereva, afanye kazi ya taksi za simu, alete hesabu kila wiki. Hiyo ni biashara halali, nayo ina wanaofanikiwa. Lakini gari hilo lisihesabiwe kuwa la nyumba. Litachakaa kwa kasi, litahitaji bima ya biashara, na siku mtoto anapougua usiku litakuwa Tegeta na abiria. Anayetaka biashara afungue daftari la biashara.

Mwezi Desemba nao huuza magari mengi makubwa kuliko inavyostahili. Familia zenye asili ya Kilimanjaro hununua Noah, Alphard au Prado kwa kuwazia safari ya Moshi ya mwisho wa mwaka, kisha miezi 11 hulisha injini kubwa kwenye foleni ya Mwenge. Ni nafuu kukodi kwa wiki mbili. Tena njia zimeongezeka: treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirejea Desemba 2019 na kufika Arusha mwaka 2020, na kwa wanaoelekea upande mwingine, tangu 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) hufika Morogoro na Dodoma kwa muda ambao gari dogo haliwezi kuushinda kwa usalama. Gari la nyumba lichaguliwe kwa ajili ya Jumatatu ya kawaida.

Makazi yana sauti kubwa pia. Anayeishi karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro, iliyoanza kupata huduma hiyo mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, anaweza kuliacha gari nyumbani siku za kazi, japo msongamano wa ndani ya mabasi hayo saa za asubuhi umewarudisha wengi kwenye usukani. Anayeishi Chanika au Bunju hana uchaguzi wa namna hiyo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar vichochoro vingi havipitishi gari kabisa. Mwenye nalo huliegesha nje na kumalizia kwa miguu, na vespa hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na gari la pili. Lamu mjini mizigo hubebwa na punda na mikokoteni, na swali lote la makala haya halina maana.

Pikipiki hupendekezwa mara kwa mara kuwa chombo cha pili. Bei yake ni ndogo, mafuta ni kidogo, na hupenya foleni. Kwa mtu mzima mmoja mwenye safari fupi na kofia ngumu nzuri, ni jibu la maana. Kwa kubeba watoto wawili kwenda shule, kama inavyoonekana kila asubuhi, si jibu, hata ikiwa nafuu namna gani.

Zipo nyumba ambazo magari mawili ni sawa kabisa, na hazina haja ya kuona haya. Wafanyakazi wawili wa zamu za usiku katika pande mbili za jiji ni mfano. Nyumba yenye mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, au mwenye ulemavu ambaye bajaji haimfai, nayo huhesabu kwa namna yake, kwani safari zake haziahirishwi. Vivyo hivyo mkulima wa Kibaha mwenye pikapu ya shamba, ambaye hawezi kuitumia kupeleka familia ibadani ikiwa imetoka kubeba kuku. Nyumba za aina hii hunufaika zaidi magari yakiwa ya kazi tofauti, moja dogo la mjini na moja la kubeba, kuliko kuwa na mawili yanayofanana kwa umbo na kugombea kazi ileile.

Heshima haiingii kwenye daftari, ingawa ndiyo inayoamua mara nyingi. Mtu anayelitaka gari la pili kwa sababu linapendeza langoni, na anao uwezo, anunue. Kosa ni kuitafutia heshima hiyo kisingizio cha safari zisizokuwepo.

Kwa nyumba ambayo tayari ina mawili na inasitasita, jaribio ni la mwezi mmoja. Funguo za gari moja zifungiwe kabatini, risiti zote za bajaji, taksi na nauli zitunzwe, na mwisho wa mwezi zijumlishwe. Kwa gari la mfano uliotolewa hapa, jumla ikiwa chini ya shilingi 400,000, liuzwe kabla betri haijafa, maana linalowaka huuzika kwa bei nzuri kuliko la kusukumwa. Na muuzaji asiridhike na hati ya mauziano pekee: hadi umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato (TRA), faini za barabarani zinazoandikwa kwa namba ya gari hilo huendelea kusomeka kwa jina lake.