Chembe Sahani Zinaposhuka: Tuielewe Homa ya Dengue

Homa ya dengue, ambayo kwa Kiswahili cha zamani huitwa kidingapopo, ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Karatasi ya maabara inapoonyesha kwamba chembe sahani zimeshuka, familia hushtuka, na jumuiya huanza kuchangishana ili mgonjwa aongezewe. Tumeona ni vyema kulifafanua jambo hili.

Chembe sahani husaidia damu kuganda. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Virusi vya dengue hupunguza utengenezaji wake ndani ya uboho, na kinga ya mwili nayo huziharibu zile zilizomo katika damu. Ndiyo maana kati ya siku ya 3 na ya 7 ya ugonjwa zinaweza kushuka chini ya 100,000. Kwa wagonjwa wengi hupanda zenyewe baada ya siku chache.

Hatari kubwa iko kwingine. Homa inaposhuka na ndugu kudhani mgonjwa amepona, mishipa midogo inaweza kuvujisha maji ya damu. Damu huwa nzito, presha hushuka, na mgonjwa anaweza kufariki. Kwa hiyo daktari hupima pia uzito wa damu na presha. Utafiti wa Singapore na Malaysia uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa watu wazima wenye chembe sahani 20,000 au pungufu, ambao hawakuwa wakivuja damu, hawakukingwa na uvujaji kwa kuongezewa chembe hizo.

Tunaziomba kamati za parokia zifikishe ujumbe huu katika jumuiya:

1. Mgonjwa anywe vya kutosha: maji, madafu, uji na supu.

2. Homa itulizwe kwa parasetamo, kwa kipimo sahihi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe, kwani huongeza hatari ya kutokwa damu.

3. Awahishwe hospitali akiwa na maumivu makali ya tumbo, akitapika mfululizo, akitokwa damu puani au kwenye fizi, akilegea au kuhangaika, hata kama homa imeshuka.

Kwa wanaopenda kuchangia, nauli ya kumrudisha mgonjwa kupimwa kila siku ni msaada mkubwa. Siku homa inaposhuka ndipo tuzidi kumwangalia.