Saa Sita za Usukani

Msafiri anayetoka Mpanda mjini, mkoani Katavi, kuelekea magharibi huipa mgongo stesheni ya reli, hupita vijiji vya Wilaya ya Tanganyika na, baada ya zaidi ya kilomita 100, barabara humfikisha Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Hapo kuna gati jipya la Mamlaka ya Bandari, mradi uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 47, lililojengwa kwa kuitazama Kongo ng'ambo. Kando yake boti za mbao za wavuvi wa dagaa na migebuka hupumzika mchana, mashine zimeinuliwa tezi. Tanga ni adimu. Petroli imechukua nafasi yake, na bei ya petroli inapopanda ndipo watu hukumbuka kwamba upepo hauuzwi kwa lita.

Kijana wa mwambao huu si mgeni wa maji. Lakini akitaka kazi kwenye yoti za watalii Zanzibar, Kilifi au Shelisheli, au akitaka tu kujua namna ya kusafiri kwa matanga siku nyingi bila kurudi nyumbani kila jioni, anahitaji shule ya aina yake: chuo cha kuishi chomboni. Darasa, bweni na jiko vyote viko ndani ya boti moja ya mita 10 hadi 15. Wanafunzi hulala humo, hupika humo na hushika zamu za usiku humo. Wakiamka na kukuta nanga imeburura, somo la siku limeshaanza.

Ziwa Tanganyika lenyewe lina mfano mzuri wa mwanafunzi wa namna hiyo. Edward Coode Hore, baharia Mwingereza mwenye cheti cha unahodha, alifika Ujiji mwaka 1878 pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Wamisionari ya London. Cheti alikuwa nacho, vyombo vya kupimia alikuwa navyo, ziwa hakulijua. Akatafuta boti ya kienyeji, gogo lililochongwa na kuongezwa mbao ubavuni, akaitia matanga na kuipa jina la Calabash, yaani kibuyu. Mwaka 1879, mwaka uleule Wabelgiji walipoanzisha kituo chao Karema, Hore alifika mdomo wa mto Lukuga na kuthibitisha kwamba maji ya ziwa yanatoka kwenda magharibi, jambo lililokuwa limewabishanisha wasafiri waliomtangulia. Ramani yake ya mwambao ilitokana na kulala majini na kuamka majini.

Miaka 60 baadaye upande wa bahari, Alan Villiers wa Australia alifanya jambo linalofanana na hilo. Huyu tayari alikuwa amekwisha kuizunguka dunia kwa meli ya matanga iitwayo Joseph Conrad, kati ya 1934 na 1936, akiwa amebeba vijana waliojifunza ubaharia humohumo chomboni. Mwalimu wa shule inayoelea, basi. Hata hivyo mwaka 1938 alipanda dau la Kuwait, Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr el-Nejdi, akasafiri nalo hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, huko walikopakia boriti. Alikuwa na maelfu ya maili nyuma yake, na bado alikaa chini ya tanga la watu wengine akajifunza upya.

Mwambao wa Waswahili haukuwahi kukosa shule hii. Ulikosa tu karatasi. Mtoto aliyepandishwa jahazini alianza kwa kufua maji ya ngama na kukoroga wali, akapanda daraja hadi kwenye kamba, kisha demani, ile kamba ya kuongozea tanga, kisha usukani, na siku moja nahodha akalala na kumwachia chombo. Ada ilikuwa jasho. Kasoro yake ni kwamba mwenye yoti ya kukodisha, pamoja na bima yake, hawezi kusoma jasho. Anataka cheti chenye jina la chuo na idadi ya maili.

Mfumo wa vyeti unaotambulika zaidi kwenye yoti ni ule wa Royal Yachting Association ya Uingereza, maarufu kwa herufi zake, RYA. Vyuo vinavyoufuata vimetapakaa duniani, vikiwemo vya Afrika Kusini. Ngazi ya kwanza ya matanga, Competent Crew, humfanya mtu kuwa baharia wa kutegemewa. Inayofuata, Day Skipper, humpa unahodha wa safari fupi za mchana katika maji anayoyafahamu. Kila moja kwa kawaida ni siku 5 za kuishi chomboni.

Hapo ndipo mwombaji anapaswa kushika kalamu na kupiga hesabu. RYA inaruhusu wanafunzi wasiozidi 5 kwa mkufunzi mmoja. Tuseme boti inatembea saa 6 kwa siku: kwa siku 5 ni saa 30. Gawanya kwa watu 5. Kila mmoja anarudi nyumbani na saa 6 za usukani, na humo kuna dakika za kutoka na kuingia bandarini kwa mashine. Wakiwa wanafunzi 3, zinakuwa saa 10. Kuangalia mwenzako akikosea nako ni kujifunza, hilo halina ubishi, lakini mkono haujifunzi kwa macho. Chuo kinachotoza nafuu kwa kujaza vitanda vyote kinaweza kuwa ghali kuliko kinachotoza zaidi na kupeleka watu 3. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kwa simu, kabla hata ya bei, ni hili: wiki hiyo tutakuwa wangapi, na je, wote ni wanafunzi? Wapo wenye boti wanaochanganya wanafunzi na watalii wa mapumziko. Mtalii anataka kuota jua na kuogelea saa 4 asubuhi, wakati ambao upepo wa kufundishia ndio kwanza unaamka.

Swali la pili linahusu usiku. Anayeingia kozi ya vitendo ya Day Skipper anatarajiwa awe tayari na siku 5 chomboni, maili 100 za baharini na saa 4 za kusafiri gizani. Chuo kisichosafiri usiku hata mara moja katika wiki nzima hakimjengei mtu ngazi inayofuata. Giza hubadilisha kila kitu: taa ya kijani na nyekundu ya meli inayokuja lazima isomwe, umbali unadanganya, na kamba iliyoachwa ovyo mchana inakuwa mtego wa mguu.

Zoezi moja linatosha kumpima mkufunzi. Boti inakwenda vizuri, wanafunzi wanacheka, mmoja anamenya vitunguu. Ghafla mkufunzi anatupa majini boya lililofungwa pamoja na ndoo, kisha anapaza sauti kwamba mtu ameanguka. Ndoo ipo ili boya lisipeperushwe na upepo. Linakaa majini kwa uzito, kama mwili. Mwanafunzi mmoja ananyoosha kidole kulielekea na haruhusiwi kukishusha wala kugeuza macho, kwani kichwa cha mtu kikishapotea kati ya mawimbi, kukiona tena ni bahati. Mshika usukani anageuza chombo, wengine wanalegeza demani, na boti inapaswa kufika kwenye boya ikiwa imekaribia kusimama, si kulipita kwa kasi. Mara ya kwanza wanalikosa. Mkufunzi mzuri anaacha mikono yake mifukoni na kuwaambia warudie. Asiyefaa ananyakua usukani, analiokota boya kwa ustadi mkubwa, na wanafunzi wanampigia makofi. Siku hiyo aliyefanya zoezi ni mwalimu peke yake.

Kisha kuna suala la maji ya kujifunzia, na hapa mtu wa Katavi ana jambo lake la pekee. Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kwa kuhesabika. Lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kikubwa zaidi, na sehemu nyingi sakafu yake inaporomoka hatua chache tu kutoka ufukweni. Kanuni ya kawaida ya kutia nanga ni kutoa mnyororo mara 4 ya kina, au kamba mara 7. Penye mita 10 hiyo ni mita 40 za mnyororo, na hakuna shida. Penye mita 100 hakuna yoti ya kawaida inayobeba mnyororo wa kutosha, kwa hiyo nahodha hulazimika kusogea karibu na miamba na kuomba upepo usigeuke. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki hulifagia ziwa kwa urefu wake na kuinua mawimbi ya kweli. Masika huleta dhoruba za ghafla zenye radi. Anayejua kupiga bisho dhidi ya upepo huo hana cha kuonea aibu mbele ya mtu wa bahari.

Ila bahari itamuuliza kitu ambacho ziwa halikumfundisha. Mwambao wa Dar es Salaam na Zanzibar, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Anayetia nanga maji yakiwa yamekupwa, bildi ikimwonyesha mita 4, baada ya saa 6 atakuwa juu ya mita 7 au zaidi; mnyororo wa mita 16 alioupima kwa kanuni unakuwa mfupi, na chombo kinaanza kutembea chenyewe usingizini. Ndiyo maana cheti cha Day Skipper huandikwa wazi kama mafunzo yalifanyika kwenye maji yenye kujaa na kupwa au yasiyo nayo. Kwa ngazi ya juu, Yachtmaster Offshore, mwombaji wa mtihani anatakiwa awe na siku 50 na maili 2,500, na angalau nusu ya safari hizo ziwe kwenye maji yenye kujaa na kupwa. Aliyezaliwa kando ya ziwa achague chuo cha bahari, hata kama kuna cha bwawa kilicho nafuu zaidi.

Yoti yenyewe isitazamwe kwa rangi. Mgeni afunue vifuniko vya sakafu: ngama ikiwa kavu na safi, mwenye boti anaijali. Aulize mtungi wa gesi unakaa wapi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya boti haitoki mlangoni kama jikoni kule Mpanda, hushuka ngamani na kungoja cheche. Mtungi uwe kwenye sanduku lake lenye tundu la kutolea gesi nje. Jaketi okozi liwe la kila mtu, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, kwani bila huo jaketi hupanda usoni. Redio ya VHF iwashwe mbele ya mgeni huyo, kwenye chaneli ya 16.

Kuhusu ajira, mambo mawili yasichanganywe. Cheti cha yoti ni cha matanga na burudani, ingawa ngazi za juu zinaweza kuongezewa idhini ya kufanyia kazi. Anayetaka kuajiriwa kwenye meli za kibiashara anafuata mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa mwaka 1978, na kwa Tanzania Bara njia hiyo hupitia Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, na usimamizi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini. Mafunzo ya usalama ya DMI, ya kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza, hayapotei kwa mtu wa yoti pia, na wengi wenye yoti za kukodisha huyataka.

Msimu nao unachaguliwa. Kusi la Juni hadi Agosti ni kali kwa anayeanza. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kwa kawaida ni pole zaidi, na masika ya Aprili na Mei ni mvua tu. Mwanafunzi anaweza kuchukua ngazi ya kwanza wakati wa kaskazi, akarudi kwa kusi akiwa ameshazoea kupunguza tanga. Treni ya Mpanda itampitisha Kaliua hadi Tabora, kisha Dar es Salaam, na begi lake liwe la kitambaa linalokunjika, maana chomboni sanduku gumu halina pa kulala.

Ndani ya begi hilo liwemo daftari la batli, la kumbukumbu za safari. Kuna nafasi ya kuanza mapema: mtumbwi wa Karema ukitundikwa tanga asubuhi moja, mstari wa kwanza unaandikika. Tarehe, chombo, kutoka wapi hadi wapi, upepo wa kusini-mashariki, maili 3, saa za usukani 1, sahihi ya nahodha.